Tumbili Aliyeona Zimwi

Chumba chetu cha Jumamosi kiko hapa Kigali, upande wa Biryogo. Ni chumba cha kuazima, chenye mikeka miwili na rafu moja ya mbao. Watoto wanaokuja ni wa miaka saba hadi kumi na mitatu. Wengi wazazi wao walitoka Kivu, Kaskazini na Kusini, wengine Burundi. Mimi ni animateri wao. Wananiita Yaya, maana kwetu Kongo yaya ni mkubwa wako, si mtumishi wa kulea watoto.

Mwaka jana tuliletewa boksi la vitabu. Ndani mlikuwa na vitabu vya Kiingereza vya watoto wanaocheza kwenye theluji, vya Kifaransa vya kufundisha rangi, na vya shule vilivyokwisha wakati wake. Chini kabisa kulikuwa na kijitabu kimoja kinachoenea kiganjani. Hakikuwa na jalada, na karatasi zake zilikuwa zimeshageuka rangi ya chai. Maandishi yote ya Kichina. Nikakiweka kwenye fungu la vitu vya kurudisha. Nikasema moyoni, hiki nani atakisoma?

Dakika kumi baadaye watoto kumi na mmoja walikuwa chini kwenye mkeka, vichwa vimegusana, kile kijitabu katikati. Hawakuniuliza kimeandikwa nini. Walikuwa wanasoma.

"Makako anapiga yule mama!"

"Si mama, bana. Angalia nyuma yake."

Nyuma ya yule mama aliyebeba kikapu cha chakula, ndani ya moshi, mchoraji alikuwa ameweka mifupa. Mimi nilikuwa nimepitisha jicho kwenye ukurasa huohuo asubuhi nisione chochote.

Insha hii ni historia ya kijitabu hicho, au niseme ya ukoo wake. Niliitafuta kwa sababu ya swali nililoulizwa na mtoto mmoja nikashindwa kulijibu. Nitalifikia.

Jirani yetu mmoja, kijana wa hapahapa, alisoma Kichina kwenye Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa Kigali mwaka 2009. Nilimpelekea kijitabu jioni. Alifungua kurasa tatu tu akacheka. "Huyu ni Sun Wukong," akasema. "China hakuna mtoto asiyemjua."

Sun Wukong ni tumbili aliyezaliwa kutoka kwenye jiwe, juu ya Mlima wa Maua na Matunda. Alijifunza uchawi, akapanda mbinguni, akala mapichi ya miungu, akawapiga majeshi yao. Wakamtia kwenye tanuri siku 49 ili ayeyuke. Hakuyeyuka. Moshi ulimchoma macho yakawa mekundu, na tangu hapo akimtazama zimwi aliyejigeuza mtu, anaona zimwi. Mwishowe alifungiwa chini ya mlima miaka 500. Aliyemtoa ni mtawa mmoja wa Kibudha aliyekuwa safarini kwenda India kutafuta maandiko matakatifu. Tumbili akawa mlinzi wake njiani.

Tumbili ni wa hadithi, lakini mtawa aliishi kweli. Aliitwa Xuanzang. Katika karne ya 7, China ilipokuwa imekataza watu kuvuka mpaka kwenda magharibi, yeye aliondoka kwa siri bila ruhusa, akipita usiku karibu na vituo vya askari. Nilipowasimulia watoto sehemu hiyo hakuna aliyeshangaa. Mmoja aliuliza tu kama alikuwa na maji. Xuanzang alirudi nyumbani mwaka 645 akiwa na maandiko zaidi ya mia sita, na mfalme akampokea kwa heshima. Watu wakaanza kuisimulia safari yake, na kila karne ikaongeza chumvi yake: tumbili, nguruwe anayependa kula, mazimwi ya milimani. Mwaka 1592 ikachapwa kama riwaya ya sura 100, iitwayo Safari ya Magharibi, ambayo wengi humhesabia mwandishi Wu Cheng'en.

Sasa, riwaya ya sura 100 si kitu cha mtoto. Si kitu cha mtu mzima asiyejua kusoma pia, na China ya zamani hao ndio walikuwa wengi. Wao walimjua Sun Wukong kwa msimuliaji wa sokoni na kwa jukwaa la maigizo. Kwenye maigizo mchezaji hupakwa uso rangi nyekundu katikati, umbo kama la pichi, na kichwani huweka manyoya mawili marefu ya ndege. Hata ukikaa nyuma kabisa, unajua tumbili ameingia.

Huo uso ndio walioubeba wachoraji wa Shanghai. Miaka ya 1920 wachapaji wa mji ule walianza kutoa vijitabu vinavyoitwa lianhuanhua, maana yake picha zilizoungana kama pete za mnyororo. Kila ukurasa una picha moja, na maneno machache pembeni au chini yake. Safari ya Magharibi ilikuwa miongoni mwa hadithi za mwanzo kutolewa hivyo. Vijitabu vilikuwa vidogo na vya karatasi dhaifu. Hata hivyo mtoto wa kibarua hakuvinunua. Alivikodi. Kando ya barabara palikuwa na mtu mwenye rafu na mabenchi mafupi. Unatoa sarafu ndogo, unakaa, unasoma, unarudisha. Mtoto mmoja akilipa, watatu wanachungulia begani kwake.

Nikisoma habari za yale mabenchi naona mkeka wetu.

Wasomi wa wakati ule walividharau. Walisema ni takataka za barabarani, haviwezi kuzaa sanaa. Mwaka 1932 mwandishi Lu Xun, mmoja wa wakubwa wa fasihi ya China, aliandika kuvitetea. Hoja yake ilikuwa nyepesi: zile picha za ukutani kwenye makanisa ya Italia ambazo dunia nzima inazisifu, nazo si hadithi ya picha zinazofuatana? Kama zile ni sanaa kubwa, basi tusicheke kijitabu cha mtoto. Miaka 30 baadaye, mwaka 1962, Zhao Hongben na Qian Xiaodai walitoa lianhuanhua ya kisa kilekile kilicho kwenye kijitabu chetu, Sun Wukong na Jini la Mfupa Mweupe. Mwaka 1963 ilipata zawadi ya kwanza ya taifa kwa vitabu vya aina hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Jini linamtaka mtawa, kwa sababu anayekula nyama yake hafi. Linajigeuza msichana mzuri aliyebeba chakula. Tumbili analiona, analipiga. Jini linatoroka na kuacha mwili wa uongo chini. Mtawa anaona tumbili ameua binti wa watu. Jini linarudi likiwa bibi kizee anayemtafuta binti yake. Tumbili anapiga tena. Linarudi mara ya tatu, sasa mzee anayemtafuta mkewe na bintiye. Tumbili anapiga. Mtawa, ambaye macho yake ni ya kawaida, anaandika barua ya kumfukuza.

Jirani alipomaliza kunielezea, nilielewa kwa nini watoto hawakuhitaji maneno. Nilikaa na kijitabu usiku ule nikakipitia ukurasa kwa ukurasa, kama fundi anavyofungua redio. Niliona mambo manne.

La kwanza ni uso. Ule uso mwekundu wa jukwaani, kwenye kijitabu cha wino mweusi umekuwa mstari mmoja unaozunguka macho na pua. Tumbili awe mkubwa au mdogo, awe mbali juu ya jabali, mtoto anamjua mara moja. Mtoto akiulizauliza "huyu ni nani tena?" hadithi imeshakufa.

La pili ni mistari yenyewe. Hakuna kivuli wala rangi, ni mstari safi, na pembeni nafasi nyeupe kubwa. Mimi nilidhani ile nafasi ni umaskini wa karatasi. Watoto wao waliijaza kwa maneno. "Hapa ni kama Masisi," alisema mmoja akigusa mlima. Mwingine akabisha, ni Minembwe. Mlima wenyewe ulikuwa mistari mitano tu. Ungechorwa na kila jani la Kichina, wasingepata pa kuingilia.

La tatu ni kugeuza ukurasa. Msichana anakuja na kikapu upande wa kulia, chini kabisa. Mkono wa tumbili umeshainuka. Pigo lenyewe liko nyuma ya karatasi. Nimeona watoto wakishika ile kona, wanangoja, wanaangaliana, ndipo wanageuza. Msimuliaji mzuri hufanya hivyohivyo kwa sauti: ananyamaza, anakunywa maji.

La nne ndilo kubwa. Mchoraji amempa mtoto macho ya tumbili. Mtawa haoni mifupa iliyo kwenye moshi; ndani ya hadithi wanaoiona ni tumbili na msomaji basi. Kwa hiyo mtawa anapokasirika, mtoto hakai kusikiliza funzo. Yeye ni shahidi. Anajua ukweli na hawezi kumwambia mtawa, kwa sababu mtawa yuko ndani ya karatasi. Nimeona mtoto wa miaka minane akimpigia mtawa kelele.

Hapo ndipo swali lilipotoka. Jumamosi ya pili tulifika kwenye ukurasa wa barua. Tumbili amepiga magoti, anamsujudia mtawa anayemfukuza. Kijana mmoja wa miaka kumi na moja, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza:

"Yaya, juu ya nini wanamufukuza, na yeye ndiye aliona?"

Nikaanza maneno yangu ya kianimateri, kwamba mtawa hakujua, kwamba alikuwa na huruma. Akanikata.

"Ni kama mama."

Wakubwa tuliokuwepo tulijua anasema nini. Mama yake alikwenda kwenye ofisi moja kueleza alichokiona kijijini kwao. Alieleza mara tatu, siku tatu tofauti. Akaambiwa maelezo yake hayalingani, hayaaminiki. Sitataja ofisi, na kesi yake bado iko njiani. Lakini mtoto alikuwepo nyuma ya mlango akisubiri, na mtoto husikia.

Kwenye mafunzo yetu tulifundishwa kwamba mtoto akifunua kidonda usichimbe. Nilifunga kijitabu. Nilidhani ndiyo kazi yangu. Msichana mmoja akaingiza kidole katikati ya kurasa kabla hazijafungana.

"Bado haijaisha."

Ni kweli, haikuwa imeisha. Tumbili anarudi kwenye mlima wake. Mtawa akibaki bila yeye anaingia matatani, anakamatwa na mazimwi, na yule nguruwe aliyesaidia kumchongea mwenzake anatumwa kwenda kumbembeleza arudi. Watoto walibishana vibaya sana: wakimwita, arudi au asirudi? Tulipiga kura kwa mikono. Saba walisema arudi, wanne walisema wakome. Yule kijana alikuwa miongoni mwa wanne. Alisema kwanza wamuombe msamaha mbele ya watu wote.

Sikumwambia kwamba kila anayefukuzwa huitwa tena. Ningemdanganya. Lakini niliona kitu ambacho fomu zetu hazikukipata: mtoto alisema neno lake bila kuhojiwa na mtu. Alilisema kuhusu tumbili. Hadithi ya kale ya nchi asiyoijua, katika lugha asiyoisoma, ilimpa mahali pa kuliweka, na picha ndiyo iliyomfungulia mlango.

Si sisi wa kwanza kulijua hili. Mwaka 1936 mwandishi mmoja Myahudi wa Ujerumani, Jella Lepman, alikimbilia Uingereza na watoto wake. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Vita vilipokwisha alirudi na kukuta watoto wa Ujerumani wanaishi kwenye magofu. Mwaka 1946 alifungua mjini Munich maonyesho ya vitabu vya watoto kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo zile zilizokuwa adui mwaka uliotangulia. Aliomba hasa vitabu vya picha, kwa sababu wale watoto hawakujua lugha za kigeni ila macho walikuwa nayo. Mwaka 1953 alianzisha Zurich shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, IBBY.

Na hapa Kigali, mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha nyumba ya uchapishaji ya kutoa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Aliiita Editions Bakame. Bakame ni sungura wa hadithi za Rwanda, mdogo wa mwili, mkubwa wa akili. Wakati nchi inahitaji kila kitu, yeye alisema na kitabu cha mtoto ni mahitaji, tena kwa lugha ya mama yake. Mwaka 2008 IBBY, shirika lile la yule mkimbizi, liliipa Bakame zawadi yake ya kukuza usomaji. Bakame wa Rwanda, Sungura wetu wa Kivu na tumbili wa China ni ndugu. Wote ni wadogo wanaosumbua wakubwa.

Lakini Sungura wetu wa Kivu hakuwa na kitabu kwenye rafu yetu. Alikuwa kinywani mwa bibi mmoja wa Masisi, na yule bibi anazeeka. Kwa hiyo tulimwomba atusimulie kisa cha kisima, wanyama wanapomkataza Sungura kunywa maji kwa sababu hakusaidia kuchimba. Watoto walichora. Hapo ndipo kijitabu cha Kichina kilipotufundisha kazi.

Walianza na uso. Bibi alitaka Sungura asivae nguo, "sungura gani anavaa suruali?" Watoto walikubali, ila wakamchana sikio la kushoto, ili kila ukurasa ajulikane. Wakaja kwenye mstari. Wa kwanza walipaka vivuli kwa penseli, na mashine ya fotokopi ikavigeuza masizi. Wakachora upya kwa bik nyeusi, mistari tu. Wakapanga kurasa: Sungura anaingia kisimani upande wa kulia, na kinachomngoja kiko nyuma ya karatasi. Msomaji anakiona kabla ya Sungura. Kitabu kizima ni kurasa 16 ndogo, karatasi mbili tu za A4 zikikunjwa na kukatwa. Chini ya kila picha tuliacha mstari mtupu. Kila nyumba inaandika kwa lugha yake, Kiswahili, Kinyarwanda, Kinande, Kihavu. Kiswahili kimekuwa kati ya lugha rasmi za Rwanda tangu 2017, lakini mama wa yule kijana aliandika kwa Kihunde, kwa mkono wake, mistari yote 16.

Kwa ndugu zangu mlioko Mahama, Kiziba, Nyabiheke na kwingine: msingoje boksi. Mkiwa na mzee mmoja anayesimulia, bik moja na karatasi mbili, mnacho kiwanda. Anzeni kabla mzee hajachoka.

Kwa ninyi mnaofanya kazi nasi na mnaotuletea vitabu: aksanti, hatudharau. Ila kabla hamjafunga boksi, kiulizeni kila kitabu maswali matatu. Mtoto asiyejua lugha yake anaweza kukifuata kwa macho tu? Anaweza kukishika mwenyewe, bila mkubwa kumsimamia? Na kuna kitu ndani yake ambacho mtoto anakiona kabla ya wakubwa walio kwenye hadithi? Kikijibu ndiyo, kileteni hata kama ni cha Kichina. Na kama mnaweza, mleteni pia na karatasi nyeupe.

Kile kijitabu hakikurudi kwenye boksi. Watoto wamekishonea jalada la karatasi ya saruji, na aliyechora juu yake ni yule kijana wa miaka kumi na moja. Amechora macho mawili mekundu, makubwa, basi. Kwa rangi nyekundu alitumia bik ya mwalimu wake. Sijamuuliza aliipataje.